Niwekee Hizi, Mama Cherehani

Barua zenu nimezipata. Yupo msomaji mmoja wa Kilosa aliyeniuliza bila haya: mwanamke mzima, mwenye akili zake, anashona sidiria ya miiba ya nungunungu ili avae nani?

Hakuna, ndugu yangu. Hakuna aliyewahi kuivaa. Wala sikukasirikii, maana hilo ndilo swali nililojiuliza mwenyewe miaka yote ile ya Karatu.

Kwa aliyeingia leo, nimkaribishe asije akapotea. Mimi ni Lusia, Mnyaturu wa Singida. Mume wangu Nikodemu alinileta Karatu kuchuma kahawa kwenye shamba la walowezi, halafu akaniacha hapo akaenda Arusha kutafuta kazi. Kazi alipata. Na mke mwingine alipata.

Mimi nikabaki na cherehani, chumba kimoja, na sanduku la nguo za ndani nililoachiwa na bibi wa shamba siku alipofungasha kurudi kwao Ulaya. Ndani yake zilijaa sidiria kuukuu na koseti, lile vazi la Wazungu wa zamani la kubana kiuno kwa kamba mgongoni.

Nikazipamba. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, madukani hakuna khanga, hakuna uzi, kifungo unakiona kwenye shati la mwenzio. Basi nilishona kwa nilichoweza kuokota. Mbavu za mwavuli uliokufa, vizibo vya soda nilivyoviponda vikawa bapa, buni nilizozitoboa kwa msumari wa moto, mpira wa ndani wa baiskeli, nyuzi za katani nilizochomoa kwenye magunia. Sidiria moja niliitengeneza kwa nusu mbili za kibuyu, na hiyo ya miiba mnaijua.

Nilizitundika ukutani zote sita. Nikirudi chumbani nawakuta wananingoja, wanawake sita wasio na vichwa wala ndimi. Niliwaamkia. Ndiyo, niliwaamkia, na anayetaka kucheka acheke.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kwangu bila suruali ya kutiwa kiraka. Nanyori.

Nanyori alikuwa Mmasai wa huko juu Ngorongoro, mke wa Koinet, mama wa Sintamei na wadogo zake wawili. Siku za mnada alishuka Karatu na vibuyu vya maziwa, na maziwa yakiisha alikuja kukaa kwenye benchi langu barazani. Aliingia mpaka chumbani akazitazama zile sidiria, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nyinyi watu, maziwa mnaweka kwa sufuria, matiti mnaweka kwa mfuko," alisema. "Sisi maziwa kwa kibuyu, matiti naachwa, nakwenda yenyewe."

Karatu kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi mtoto sina, basi wakaniita Fundi, kama mwanamume. Nanyori peke yake alikataa.

"Hii je?" aliniuliza, akikipiga kofi kichwa cha cherehani yangu. "Si nalia? Si nakula uzi? Si nakusumbua? Hii mtoto yako. Wewe ni Mama Cherehani."

Nilicheka naye, kisha alipoondoka nikalia. Tangu siku hiyo nilihesabu siku za mnada kama mtu anayengoja barua.

Wiki jana niliwaacha barazani, Koinet amesimama na fimbo yake, macho yake kwenye koseti yangu ya saba. Niliwaacha hapo kwa sababu niliogopa kuendelea. Leo sina budi.

Lakini kwanza kuna neno moja la kuungama, na neno lenyewe ni dogo. Niwekee.

Nanyori alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali walisema titi litolewe. Koinet alikuwa mbali, amehamisha ng'ombe kuelekea Oloipiri kutafuta majani, maana mwaka ule ukame ulitushika koo. Alijua tu kwamba mkewe atakwenda hospitali na kwamba mwezi ukiandama atakuja kumchukua.

Siku ya safari Nanyori aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akavua surutia zake.

Surutia ni zile shaba mbili zilizozungushwa kama konokono, zinazoning'inia kwenye masikio ya mwanamke wa Kimasai aliyeolewa. Sikuwahi kumwona Nanyori bila hizo. Masikio yake yalibaki matupu na uso ukawa mdogo.

"Daktari nasema chuma yote itoke," aliniambia. "Niwekee hizi, Mama Cherehani. Nikirudi napita kwako kwanza, navaa hapahapa. Koinet haoni mimi bila hizi. Mke wa mtu haonekani na mume yake hivi."

"Nitakuwekea," nikasema.

"Na ile mfuko ya matiti," akaongeza akicheka, ila macho hayakucheka, "sasa nataka. Nishonee moja, upande huu ujaze kitu. Manyoya ya kondoo."

Nikamwahidi na hilo.

Sasa nyie wenyewe ni Waswahili. Mtu akikwambia niwekee, anasema nini? Anasema nitunzie. Lakini hata fundi akiambiwa niwekee kifungo, anashona kifungo. Neno ni lilelile.

Siku tatu surutia zilikaa kwenye kopo, juu ya kabati. Siku ya nne alikuja Ester.

Ester alikuwa msimamizi wa duka la zawadi kwenye hoteli moja ya watalii kule ukingoni mwa kreta. Alikuwa amesikia habari za ukuta wangu. Aliingia, akazitazama, na kwa mara ya kwanza mtu hakucheka.

"Fundi," alisema, "nina mgeni pale, mama wa Kizungu, mchoraji. Wiki tatu yupo. Siku ya dansi ya kuagana anataka kuvaa kitu ambacho hajavaa mtu duniani. Nishonee moja mpya."

"Kuvaa?" nikauliza. "Aivae mwenyewe, mwilini?"

"Sasa avae wapi, Fundi?"

Nilishona siku kumi kwa furaha isiyo na mfano. Ya saba ilikuwa koseti yenye vifuko vya sidiria juu, mwili wa gunia la kahawa, mbavu za mwavuli, miiba ya nungunungu mgongoni, buni kiunoni mistari kumi na miwili. Ester alikuja kuikagua, akaizunguka, akakunja uso.

"Nzuri. Ila kifua hakina macho."

Alipoondoka nikatazama juu ya kabati.

Nilijua, wasomaji wangu. Msinitafutie sababu. Nilijiambia, si alisema niweke? Basi naweka. Nikasema nitazifumua kabla hajarudi. Nikazishonea kwa nyuzi za katani, moja kila titi, na zikakaa kana kwamba koseti ilikuwa ikizingoja. Sidiria ya Nanyori ya manyoya ya kondoo sikuwa hata nimeikata.

Hapo ndipo alipotokea Koinet. Siku ya mnada, asubuhi, yuko njiani kwenda hospitali kumchukua mkewe, na koseti inaning'inia barazani ikimngoja Ester aje na gari.

"Takwenya," alisema, wanavyowasalimia wanawake.

"Iko," nikajibu kama Nanyori alivyonifundisha.

Hakunitazama. Alikuwa ameikaribia koseti, lakini mkono wake alikuwa ameurudisha nyuma, kama mtu anayeogopa kuungua. Kwapani alikuwa na kibuyu kilichofungwa kwa ngozi.

"Hizi ni ya Mama Sintamei."

Hakuuliza, alisema. Ndiye aliyemvisha mkewe kwa mkono wake, angezisahauje?

"Ni zake, Baba Sintamei."

"Yeye natoa mwenyewe, ama natolewa?"

Hapo nilikumbuka maneno ya Nanyori: mke wa mtu haonekani hivi. Nikaogopa. Nikasema huyu bwana akijua mkewe kazivua kwa mkono wake, tena kanipa mimi, atampiga. Na nitasema kweli yote, nikajiogopea na mimi pia.

"Alitolewa," nikasema haraka. "Yeye hakutaka. Alitolewa kule hospitali."

"Nani natoa?"

"Manesi."

Aliitazama tena koseti. Nje watu wa mnada walikuwa wakipigana vikumbo na mbuzi wao.

"Na wewe napata wapi?"

"Nililetewa."

Uwongo wa kwanza ulitaka mwenzake, nami nikampa. Koinet alishusha kile kibuyu taratibu, akakiweka kwenye benchi, mahali palepale Nanyori alipozoea kukaa.

"Mafuta ya kondoo," alisema. "Nachinja ya kwake, apate nguvu. Sasa kula wewe."

Akageuka akaondoka. Hakushika njia ya hospitali. Alishika njia ya juu, ya kurudi kwake, na hakutazama nyuma.

Mimi nikashusha pumzi. Nilidhani nimeponea chupuchupu! Mtu kanisusia, nikasema, hasira zitampoa.

Barazani kwangu alikuwepo pia bibi mmoja wa Kimasai, Naishorua, aliyeuza ugoro kwenye kona. Wengine walimwita Koko, ndiyo bibi kwa lugha yao, nami nilimwita hivyohivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa alisimama, ugoro ukamwagika mapajani na hakujali.

"Wewe unamwambia nini huyu?"

"Nimemwambia surutia zimetolewa na manesi, Koko. Nilitaka kumkinga Nanyori."

"Kumkinga!" Alipiga makofi mara moja, akashika kichwa. "Sikia, mwanangu. Mwanamke anatoa yake mwenyewe, anarudisha mwenyewe. Akitolewa na watu wengine, huyo hapumui. Umemwambia mtu mke wake amekufa."

"Mbona hakuniuliza? Angeuliza tu, amekufa?"

"Aulize vipi? Sisi hatutaji aliyekufa. Na wewe unasema natolewa, unasema naletewa, na mapambo yake yako juu ya nguo ya mtu mwingine. Aulize nini tena?"

Nikamshika mkono.

"Akifika nyumbani itakuwaje?"

"Watoto watanyolewa," alisema Naishorua. "Na jina la mama yao halitaitwa tena. Kimbia."

Nikimbie kwenda wapi? Hospitali ilikuwa upande mmoja, boma upande mwingine, na mimi sina hata baiskeli. Nilitoka nikamtafuta Koinet katikati ya ng'ombe na watu, nikaita mpaka sauti ikakauka. Muuza viatu akaniambia amekwisha kupanda lori la mbao, zamani.

Wakati naranda hivyo nikaiona Landrova ya hoteli. Ester alikuwa usukani.

"Iko tayari, Fundi? Dansi ni leo."

"Nipeleke juu," nikasema. "Niteremshe kwenye njia ya kwa Koinet."

"Lete koseti, panda."

Nilimpigia kelele Naishorua: Nanyori akitokea, amwambie asubiri. Nikapanda, koseti mapajani, mkasi mfukoni. Ningeweza kuzifumua surutia palepale garini, mbele ya Ester. Sikuzifumua. Kutoka Karatu mpaka lango la hifadhi, na kutoka langoni kupanda ule msitu wenye ukungu, nilizishika tu kwa vidole nikijipa sababu. Nilisema labda niende kwanza nikaeleze kwa mdomo. Nilisema surutia nitazifuata kesho hotelini. Ukweli ni kwamba yule mama wa Kizungu alikuwa akiningoja, mtu wa kwanza kutaka kuvaa kazi ya mikono yangu, na mimi sikutaka kumkosa.

Ester alisimamisha gari kwenye njia panda.

"Shuka. Iache hapo kitini."

Nikatoa mkasi.

"Unafanya nini?"

"Natoa macho."

"Fundi! Hiyo si yako tena."

"Haya mawili hayakuwa yangu tangu mwanzo, dada."

Nilikata ovyo. Katani ilikaza, gunia likachanika kifuani, miiba ikavunjika, buni zikatawanyika sakafuni mwa gari. Siku kumi za kazi zilikwisha kwa dakika mbili. Ester alinitazama kama mwendawazimu, kisha alinisukumia lile vazi mikononi.

"Shuka na mzoga wako. Usinione tena."

Gari likaondoka. Niliiacha koseti palepale kando ya njia. Nasikitika kusema niligeuka mara mbili kuitazama. Fisi waliifanya nini, sijui.

Ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu, majani yamelowa, ukungu unakuja na kwenda. Nilikimbia nilipoweza. Nilikuwa nimefika boma lile mara moja tu, siku Nanyori aliponipa kibuyu cha maziwa ya mgeni, na njia nzima nilikuwa nikitayarisha maneno.

Lango la miiba lilikuwa wazi. Mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Sintamei, msichana wa miaka kumi na miwili, amekaa chini na wadogo zake wawili. Vichwa vyao vyote vitatu vilikuwa vimenyolewa, vinang'aa.

Maneno yote niliyotayarisha yakanipotea.

"Nanyori yu hai!" nikapiga kelele.

Mwanamke mmoja aliziba masikio. Mwingine alimvuta mtoto wake akaingia naye ndani. Koinet alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mkewe. Naye alikuwa amenyolewa.

"Hiyo jina hakuna hapa," alisema.

"Yu hai, Baba Sintamei! Nilikudanganya. Hakutolewa na mtu. Alizivua mwenyewe akanipa nimtunzie, mimi ndiye niliyezishona kwenye ile nguo. Tazama!"

Nikafungua kiganja. Surutia mbili zikalala pale, nyuzi za katani bado zimening'inia.

Nilidhani nimeleta ushahidi. Koinet aliziangalia, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamevimba.

"Mtu hai," alisema polepole, "zake ziko kwa sikio."

"Nisikilize..."

"Asubuhi unasema natolewa. Sasa unasema natoa. Kesho unasema nini?"

"Asubuhi nilisema uwongo!"

"Na mwongo anasema kweli saa ngapi?"

Nikazisogeza karibu na uso wake. Kila nilipozinyanyua zile shaba kuonyesha kwamba Nanyori anaishi, ndivyo nilivyozidi kumzika. Koinet alisimama, akainama kwenye kile kimlango kifupi, akaingia nyumbani mwa mkewe kuvitoa vitu vyake. Nikasikia vibuyu vikigongana humo ndani, kimoja baada ya kingine.

Nikakaa chini kwenye samadi. Nilitamani kuwa Singida. Nilitamani hata wale wanawake wangu sita wa ukutani.

Ndipo Sintamei alipopiga ukelele.

Alikuwa amesimama, ananyoosha kidole langoni. Wadogo zake walimkimbilia wakajificha nyuma yake, kisha wote watatu wakarudi nyuma, nyuma, mpaka wakagota kwenye ukuta.

Nanyori alikuwa langoni.

Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba maji, mkono wa kushoto ameubana kwenye mbavu. Upande huo shuka ilikuwa bapa. Masikio yake yalikuwa matupu. Baadaye nilijua kwamba gari la hospitali lilimshusha Karatu mchana ule, kwamba alikuja kwangu kwanza kama tulivyoagana akakuta sipo, na kwamba Naishorua, aliyeambiwa amzuie, hakuweza kumzuia. Nanyori alipanda gari la unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mpaka njia panda.

Naishorua hakuthubutu kumwambia kisa. Nani angemwambia mtu kwamba amekufa?

Nanyori alimnyooshea Sintamei mkono. Mtoto akalia, akaficha uso.

Ndipo Nanyori alipoviona vile vichwa. Mmasai haelezwi maana ya kichwa kilichonyolewa. Alitazama watoto, akawahesabu kwa macho, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote wapo. Akatazama nyumba za wake wenza, akatazama zizi, akatafuta ni nani hayupo.

"Nani?" aliuliza kwa lugha yao. Kimasai changu kidogo, lakini hilo nililielewa. "Ni nani?"

Wanawake walirudi nyuma. Wangemjibu nini?

Nikainuka nikamkimbilia. "Vaa," nikamwambia. "Vaa haraka, Koinet yuko ndani, hajakuona bado. Vaa kwanza, nitakueleza."

Alizipokea kwa mkono wa kulia. Surutia hupita tundu la sikio kwa kipande cha ngozi, mkono mmoja unashika sikio, mwingine unapitisha. Aliinua mkono wa kushoto. Uliishia kifuani. Akauma meno akajaribu tena, jasho likamtoka usoni, mkono ukaishia palepale. Kule walikokata titi walikuwa wamemfunga na bega.

"Nikuvalishe," nikasema.

Hakunipa. Alikuwa ameziona zile nyuzi za katani. Alichomoa uzi mmoja, akauzungusha kidoleni, na Nanyori alikuwa amekaa kwenye benchi langu mara nyingi mno kutojua uzi ule unashona nini.

"Hizi zilikaa wapi?"

Nilifungua mdomo, uwongo wa tatu haukuja.

"Nilisema niwekee," alisema.

Ndani ya nyumba vibuyu viliacha kugongana. Nikamwona akitazama kile kimlango, akanitazama mimi, akatazama tena mlango. Mwanamke anarudisha zake mwenyewe, ndivyo alivyosema Naishorua. Na wa kumvalisha alikuwa mimi, mtu yuleyule aliyemvua mbele ya dunia nzima. Asipokubali, mume anatoka na kumkuta hivyo alivyo.

Akaninyooshea kiganja chenye zile shaba.

"Funga haraka, Fundi."

Fundi. Nilisikia vizuri. Mpaka leo hii ninapoandika hakuna mtu aliyeniita tena Mama Cherehani.

Nikashika sikio lake la kulia, nikapitisha ngozi, nikafunga. Nikahamia la kushoto. Ngozi ilikuwa imekakamaa kwa mshono wangu mwenyewe, ikagoma kupita, nikaisukuma, Nanyori akaguna, na surutia ikanichomoka ikaanguka kwenye samadi.

Nikainama kuiokota. Mkono wangu haujaifikia, katambuga za Koinet zikasimama mbele ya macho yangu, na moja ilikuwa imeikanyaga ile shaba.